Kutoka Chungwa la Muheza hadi Saketi: Vifaa vya Kuunda Elektroniki na Nafasi Yake kwa Watoto wa Tanga

Chungwa la Muheza, msumari wa bati na kipande cha waya wa shaba vinatosha kumfundisha mtoto jambo ambalo kurasa nyingi za kitabu haziwezi kulikamilisha. Msumari na waya vinapochomekwa ndani ya chungwa bila kugusana, kila kimoja upande wake, chungwa hilo huwa betri ndogo yenye takribani volti 0.9. Machungwa matatu au manne yakiunganishwa kwa mfuatano, taa ndogo nyekundu ya LED huanza kuwaka kwa mwanga hafifu. Mwanga huo ni mdogo, lakini mtoto aliyeuwasha kwa mkono wake hauoni umeme tena kama kitu kinachotoka ukutani kwa miujiza.

Hilo ndilo lengo la vifaa vya kujifunzia kuunda elektroniki, ambavyo kwa sasa vinazidi kufahamika katika shule, vituo vya vijana na majumbani nchini. Makala hii inaeleza vifaa hivyo ni nini, vinafanyaje kazi, vina uhusiano gani na mwelekeo mpya wa elimu nchini, na mambo ambayo wazazi, walimu na kamati za shule katika Mkoa wa Tanga wanapaswa kuyazingatia kabla na baada ya kuvinunua.

Vifaa hivi ni nini

Kwa maelezo mepesi, ni kisanduku chenye vipande vya elektroniki ambavyo mtoto huviunganisha mwenyewe ili kupata kitu kinachofanya kazi: taa inayowaka giza linapoingia, kengele ya mlango, feni ndogo, redio au kigari kinachojiendesha. Tofauti yake na kitu cha kuchezea cha kawaida ni kwamba kitu cha kuchezea huja kikiwa kimekamilika, na mtoto akikifungua huambiwa amekiharibu. Kisanduku cha elektroniki huja kikiwa hakijakamilika, na kazi ya mtoto ni kukifungua, kukiunda, kukibomoa na kukiunda upya.

Vifaa hivyo vipo vya ngazi tatu. Ngazi ya kwanza ni ya watoto wadogo, ambapo vipande vikubwa hubanwa pamoja kwa vifungo au sumaku, bila kulehemu na bila kutumia bisibisi. Ngazi ya pili hutumia ubao wenye matundu madogo ambamo miguu ya vipande huchomekwa na kuchomolewa mara nyingi. Hapo mwanafunzi hukutana na vipande halisi vinavyotumiwa na mafundi, vikiwemo vikinza, kapasita, transista na sensa. Ngazi ya tatu huongeza bodi ndogo ya kompyuta inayopokea maelekezo kwa njia ya programu. Miongoni mwa bodi hizo ni Arduino, iliyoanzia katika mji wa Ivrea nchini Italia mwaka 2005 ili kuwarahisishia wanafunzi kujifunza, na micro:bit, ambayo mwaka 2016 Shirika la Utangazaji la Uingereza (BBC) na washirika wake waliigawa kwa takribani wanafunzi milioni moja nchini humo.

Si lazima mtoto aanze na ngazi ya tatu. Mtoto asiyejua kwa nini taa imewaka hatasaidiwa na kompyuta ya kuiwasha. Mpangilio sahihi ni kuanza na betri, waya, swichi na taa, kisha kupanda hatua kwa hatua.

Namna vinavyofanya kazi

Msingi wa vifaa vyote hivi ni saketi, yaani njia kamili ambayo mkondo wa umeme huifuata kutoka upande mmoja wa betri, kupitia kwenye vifaa, hadi kurudi upande wa pili. Njia ikikatika popote, kila kitu husimama. Mtoto anayetafuta mahali njia ilipokatika anajifunza jambo kubwa kuliko elektroniki: kuchunguza tatizo kwa utaratibu, sehemu moja baada ya nyingine, badala ya kubahatisha.

Katika mfano wa chungwa, nguvu haitoki katika utamu wa tunda. Msumari wa bati umepakwa zinki, na zinki huachia chembe za umeme kwa urahisi kuliko shaba. Chembe hizo hupita kwenye waya kuelekea kwenye shaba, huku tindikali iliyomo katika maji ya chungwa ikikamilisha njia kwa ndani. Zinki huliwa polepole. Ndiyo sababu betri yoyote hatimaye huisha. Chungwa lililotumika kwa jaribio hili lisiliwe, kwa kuwa sehemu ya madini hayo huwa imeyeyuka ndani yake.

Hesabu nazo huingia mapema. Taa ndogo nyekundu ya LED huhitaji takribani volti 2 na mkondo usiozidi miliampea 20. Mtoto akiiunganisha moja kwa moja na betri ya volti 9, itaungua mara moja. Anapaswa kuweka kikinza cha kupunguza mkondo. Volti 9 kutoa volti 2 ni volti 7; volti 7 zikigawanywa kwa ampea 0.02 jibu ni omu 350. Kwa kuwa ni salama zaidi kutumia kikinza kikubwa kidogo kuliko hesabu, fundi huchagua cha omu 470, na taa hupata takribani miliampea 15. Hesabu hiyo ya kutoa na kugawanya, ambayo mwanafunzi angeiona kama adhabu ubaoni, hapa ndiyo inayoamua kama taa itawaka au itaungua.

Mota ndogo iliyomo katika visanduku vingi nayo ina somo lake. Ikipewa umeme huzunguka. Ikizungushwa kwa kasi kwa mkono, nayo hutoa umeme kidogo. Kanuni hiyo ndiyo inayotumika kwa kiwango kikubwa katika Mto Pangani, ambako maji huzungusha mitambo ya kufua umeme ya Hale, iliyojengwa mwaka 1964 kwa uwezo wa megawati 21, na ya New Pangani Falls iliyokamilika mwaka 1995 kwa uwezo wa megawati 68. Mtoto wa Korogwe, Muheza au Pangani ana bahati ya kuishi jirani na mfano mkubwa wa jambo analolishika kiganjani.

Fundisho la Magamba

Mkoa wa Tanga una historia inayoonesha kwa nini jaribio la mtoto lisidharauliwe. Mwaka 1963, mwanafunzi Erasto Mpemba wa Shule ya Sekondari Magamba, Lushoto, alikuwa akitengeneza aiskrimu pamoja na wenzake. Kwa kuhofia kukosa nafasi katika jokofu, aliingiza mchanganyiko wa maziwa na sukari ukiwa bado wa moto. Baada ya muda aliukuta wake umeganda kabla ya ule wa mwenzake ambao haukuwa umechemshwa.

Mpemba aliuliza sababu. Mwalimu wake alimjibu kuwa alikuwa amechanganyikiwa, na hata alipoendelea na masomo yake Mkwawa, Iringa, wenzake walimcheka. Hakuacha kuuliza. Mwanafizikia Denis Osborne kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam alipoitembelea shule hiyo, Mpemba alimwuliza swali lile lile mbele ya wanafunzi. Osborne alilichukulia kwa uzito, akalifanyia majaribio, na mwaka 1969 wawili hao walichapisha matokeo katika jarida la kitaaluma la ufundishaji wa fizikia. Leo jambo hilo linajulikana duniani kwa jina la Mpemba, na wanasayansi wanaendelea kujadiliana kuhusu sababu zake na mazingira ambamo hutokea.

Kilichomfikisha Mpemba hapo hakikuwa maabara ya gharama kubwa, bali nafasi ya kufanya jambo kwa mikono, macho ya kuona kilichotokea, na uthubutu wa kuuliza. Aidha, mambo hayo yangepotea kama asingepatikana mtu mzima mmoja wa kumsikiliza. Vifaa vya elektroniki humpa mtoto nafasi ya kuona na kuuliza. Kusikilizwa ni wajibu wa mwalimu na mzazi.

Sera mpya na hali ya Tanga

Februari 1, 2025, jijini Dodoma, Rais wa Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, Mhe. Dkt. Samia Suluhu Hassan, alizindua Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la mwaka 2023. Sera hiyo inaelekeza elimu ya lazima kuwa ya miaka 10 na inaweka mkazo katika ujuzi badala ya kukariri. Kabla ya uzinduzi huo, utekelezaji wa mitaala iliyoboreshwa ulikuwa umeanza Januari 2024, ukiwemo mkondo wa amali katika elimu ya sekondari ambao unamwezesha mwanafunzi kusoma masomo ya jumla sanjari na fani ya ufundi.

Mabadiliko hayo yanavipa vifaa vya kuunda elektroniki nafasi ambayo havikuwa nayo awali. Mwanafunzi anayechagua fani ya umeme au elektroniki akiwa sekondari atafaidika zaidi iwapo alianza kushika waya na betri akiwa darasa la tatu au la nne, katika somo la sayansi. Asiyewahi kushika chochote huchagua fani kwa kusikia jina lake tu.

Jijini Tanga, hatua katika mwelekeo huo imekwishachukuliwa. Kituo cha STEM Park Tanga, kilichoanzishwa kwa ushirikiano wa Halmashauri ya Jiji la Tanga, taasisi ya Projekt Inspire na mfuko wa Fondation Botnar wa nchini Uswisi, ni mahali ambapo watoto na vijana hujifunza sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati kwa kugusa, kujaribu na kuunda. Faida ya kituo cha pamoja cha aina hii ni kwamba vifaa ambavyo shule moja isingeweza kuvinunua hutumiwa na watoto wa shule nyingi.

Kwa wanafunzi wa sekondari, lipo pia jukwaa la kitaifa. Shirika la Young Scientists Tanzania (YST), lililoanzishwa mwaka 2011, huwakutanisha wanafunzi kutoka mikoa mbalimbali ili kuonesha miradi yao ya utafiti na ubunifu. Mwanafunzi aliyezoea kuunda na kupima tangu utotoni hufika katika jukwaa kama hilo akiwa na jambo la kueleza.

Mahitaji ya ujuzi huu katika ukanda wa kaskazini mwa pwani hayahitaji kutafutwa mbali. Bandari ya Tanga imeboreshwa, na Chongoleani ndiko linakoishia Bomba la Mafuta Ghafi la Afrika Mashariki lenye urefu wa kilomita 1,443 kutoka Hoima nchini Uganda. Mitambo ya namna hiyo husimamiwa kwa sensa, mifumo ya mawasiliano na vidhibiti vya umeme. Suala la msingi ni iwapo vijana watakaovihudumia vifaa hivyo watatoka Mkinga, Pangani na Handeni, au watakuwa wageni huku wenyeji wakibaki walinzi wa lango.

Gharama na njia mbadala

Kikwazo kinachotajwa zaidi ni bei. Vifaa vingi huagizwa kutoka nje ya nchi, na familia nyingi haziwezi kumnunulia kila mtoto kisanduku chake. Hata hivyo, si lazima kila mtoto awe na chake. Kisanduku kimoja kikitumiwa na kundi la wanafunzi wanne, darasa la wanafunzi 60 linahitaji visanduku 15. Na kama madarasa yanapishana kwa ratiba, visanduku hivyo hivyo 15 vinaweza kuhudumia shule nzima. Zaidi ya watoto wanne kwa kisanduku kimoja, wengine hugeuka watazamaji.

Njia ya pili ni kutumia vilivyopo. Redio mbovu, kinasa sauti cha zamani, feni iliyokufa na tochi isiyowaka zina ndani yake mota, spika, swichi, waya na vikinza vinavyoweza kufanya kazi. Karibu kila mji na soko lina fundi redio ambaye anaweza kuonesha namna ya kuvitoa na kuvipima. William Kamkwamba wa Malawi, akiwa kijana aliyekosa karo mwanzoni mwa miaka ya 2000, alitumia vitabu vya maktaba, sehemu za baiskeli, dainamo na mabaki ya vyuma kuunda kinu cha upepo kilichowasha taa nyumbani kwao. Fundi wa mtaani akialikwa shuleni kwa siku moja ya klabu ya sayansi, shule hupata mwalimu wa vitendo bila kununua chochote.

Njia ya tatu ni kuvitengeneza vifaa hivyo hapa nchini. Kikundi cha vijana chenye ujuzi wa elektroniki kinaweza kuunda visanduku vyepesi kwa ajili ya shule za jirani, vikiwa na maelekezo ya Kiswahili. Fursa ya mtaji ipo: halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba, ambapo asilimia 4 ni ya wanawake, asilimia 4 ya vijana na asilimia 2 ya watu wenye ulemavu. Taarifa za utaratibu wa kuomba hutolewa na ofisi za maendeleo ya jamii katika kata na halmashauri.

Usalama kwanza

Vifaa vya kujifunzia hutumia betri zenye volti chache, ambazo haziwezi kumdhuru mtoto kwa kumpiga shoti. Hatari zipo mahali pengine, na wazazi wanapaswa kuzifahamu.

Kwanza, betri ndogo za mviringo mfano wa kifungo ni hatari kubwa kwa watoto wadogo. Mtoto akiimeza na ikakwama kooni, inaweza kuunguza njia ya chakula vibaya ndani ya saa mbili. Ikitokea hivyo, apelekwe hospitali mara moja bila kusubiri dalili. Vifaa vyenye betri hizo viwe na kifuniko kinachofungwa kwa skrubu.

Pili, umeme wa ukutani wenye volti 230 usitumike kamwe katika majaribio ya watoto. Kifaa kinachofunguliwa ili kutoa vipande kiwe kimechomolewa, na kifunguliwe na mtu mzima, kwa kuwa baadhi ya kapasita hubaki na chaji hata baada ya kuchomolewa. Televisheni za zamani zenye kioo kizito zisiguswe kabisa na asiye fundi.

Tatu, betri za simu zisitobolewe, zisikunjwe wala zisiunganishwe ncha mbili kwa waya; zinaweza kushika moto. Nne, kulehemu kufanyike mahali penye hewa ya kutosha, chini ya uangalizi, na mikono ioshwe baada ya kazi, kwa sababu risasi ya kulehemea mara nyingi huwa na madini ya risasi ambayo ni sumu. Tano, mabaki ya elektroniki yasichomwe moto wala kutupwa ufukweni au mitoni. Yakusanywe na kukabidhiwa kwa wakusanyaji wanaotambuliwa kisheria, kwa mujibu wa miongozo ya Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC).

Kwa shule za mwambao lipo jambo la ziada. Hewa ya bahari ina chumvi na unyevu, ambavyo huleta kutu kwenye ncha za waya na miguu ya vipande. Visanduku vihifadhiwe ndani ya chombo cha plastiki chenye mfuniko unaobana, na betri ziondolewe kila baada ya matumizi. Kifaa kilichoachwa na betri ndani wakati wa likizo mara nyingi hukutwa kimevujiwa.

Wajibu wa mzazi na kamati ya shule

Kamati na bodi za shule zinapopanga kununua vifaa hivi, au zinapopokea msaada, zijiulize maswali machache. Je, yupo mwalimu aliyefunzwa namna ya kuvitumia? Je, vipande vinavyopotea au kuungua vinapatikana nchini kimoja kimoja, au kikipotea kimoja kisanduku kizima kinakufa? Je, maelekezo yapo katika lugha ambayo mtoto anaielewa? Je, betri zitanunuliwa kutoka fungu lipi mwaka wa pili na wa tatu? Shule iliyopokea visanduku 20 bila majibu ya maswali hayo inaweza kujikuta na kabati lililojaa baada ya miezi michache.

Aidha, ratiba iangaliwe ili wasichana wasiachwe nyuma. Katika makundi ya mchanganyiko, mara nyingi mvulana hushika waya na msichana hupewa kazi ya kuandika. Mwalimu anaweza kurekebisha hali hiyo kwa kubadilisha majukumu kila kipindi, ili kila mtoto aunganishe, apime na aandike kwa zamu. Watoto wenye ulemavu nao wapewe nafasi hiyo. Mtoto asiyesikia huona taa ikiwaka sawa na wenzake, na asiyeona anaweza kuunda saketi ya kengele.

Nyumbani, mzazi hahitaji kuwa mtaalamu. Anachohitaji ni kuruhusu jaribio lishindwe. Mtoto ataunganisha betri kinyume, ataunguza taa mbili au tatu na atapoteza vipande uvunguni. Akikaripiwa kwa kila kosa, atajifunza kwamba salama yake ni kutogusa kitu. Swali lenye msaada zaidi ni lile jepesi: "Unadhani kwa nini haikuwaka?"

Mwisho, vifaa hivi havikununuliwa ili vitunzwe vikiwa vipya. Mkaguzi, diwani au mzazi anayetaka kujua kama fedha ya shule imetumika vyema asiridhike na orodha ya mali iliyobandikwa ukutani. Aombe kufunguliwa kisanduku. Akikuta pembe zimechakaa, waya zimekatwa na kuungwa tena, na karibu yake daftari lenye maswali ya watoto, fedha hiyo imefanya kazi. Akikuta vipande bado vimo katika mifuko yake ya plastiki, kikao kijacho cha kamati ya shule kina ajenda yake ya kwanza.